Mutu anayepumua kwa shingo: mikrobe za koo na feza ya mutualite

Maneno ya komite ya afya mbele ya mkutano mkuu. Tumeyaandika hapa ginsi tulivyoyasema, kwa ajili ya wanamemba ambao barabara iliwazuia kufika.

Tunamshukuru prezidenti kwa kutupa nafasi mbele ya hesabu za sanduku, juu hesabu zikianza munajua wenyewe hakuna atakayesikiliza kitu kingine.

Sisi wa komite ya afya tuliombwa kujibu maulizo mawili. La kwanza lilitoka kwa wamama wa kikundi cha akiba: mzee wetu aliyerudi kutoka ng'ambo ya ziwa akiwa na tundu shingoni, anaweza kutuambukiza? La pili lilitoka kwa mtunza feza: kwa nini kila mwezi karatasi za dawa za kuua mikrobe zinaletwa zilezile, na kikohozi hakiishi? Maulizo haya yanaonekana mawili, lakini jibu lao linatoka fasi moja. Mzee mwenyewe ametupa ruhusa ya kusema habari zake. Jina lake hatulitaji katika gazeti hili, na ninyi mulio hapa munamjua.

Tuanze na kile kilichoondolewa. Ukiweka kidole mbele ya shingo na kumeza mate, utasikia kitu kigumu kinapanda na kushuka. Hiyo ndiyo zoloto, kisanduku cha sauti. Kazi yake siyo sauti tu. Inakaa kwenye njia panda: nyuma yake ni njia ya chakula, chini yake ni bomba la pumzi linalokwenda mapafuni. Ukimeza bugali, inajifunga ili tonge lisiingie fasi ya hewa. Kansa ikiota pale, dalili ya kwanza mara nyingi ni sauti kukwaruza wiki na wiki bila kupona. Kwa watu wengi inaletwa na tumbaku, na zaidi tena tumbaku ikienda pamoja na pombe kali. Tunasema hivyo bila kumtazama mutu. (Wale wa kanyanga wamecheka, nasi tumeandika kwamba wamecheka.)

Kansa ikiwa ndogo, wanaweza kuitibu kwa mionzi ao kukata kipande tu. Ikiwa imekula fasi kubwa, waganga wanaondoa zoloto nzima. Tunasema waganga wa hospitali, siyo wa mizizi, juu wale waliokulia Tanzania neno hili linawachanganya. Operesheni hiyo siyo ya jana: Theodor Billroth aliifanya katika mji wa Vienna tarehe 31 Desemba 1873, kwa mugonjwa wa kansa. Kwa hiyo wale wanaosema mzee wetu amefanyiwa majaribio, wajue kwamba majaribio hayo yana zaidi ya miaka 150.

Zoloto ikitoka, njia panda haipo tena. Kinywa kinabaki na njia ya chakula peke yake. Bomba la pumzi linaletwa mbele na kushonwa kwenye ngozi ya shingo, chini, karibu na mfupa wa kifua. Pale panabaki tundu, maisha yote. Pua na kinywa havina tena barabara ya kwenda mapafuni. Shikeni hilo, juu yote tutakayosema yanatoka hapo.

Sasa mikrobe. Neno hili linatutisha bure. Koo ya kila mmoja aliye hapa imejaa mikrobe, hata ya mtoto wa kunyonya. Zilizo nyingi zinaitwa streptokoki. Pamoja nazo kuna neiseria, prevotela, veilonela na nyingine ambazo majina yao hayatamsaidia mutu sokoni. Zinakula mabaki yetu, zinashika fasi, na kwa kushika fasi zinazuia wageni wabaya kukaa. Shamba lenye mutu halichukuliwi kirahisi. Lile lililoachwa wazi linachukuliwa. Sisi tuliorudi na kukuta wengine wamekaa kwenye mashamba ya baba zetu, hili tunalielewa bila kufundishwa na munganga.

Chini ya zoloto hali ni tofauti. Mapafu siyo safi kabisa kama watu walivyofundishwa zamani, lakini mikrobe zake ni chache sana. Pua inachuja, zoloto inafunga, kikohozi kinasukuma, na ndani ya bomba la pumzi kuna vinyweleo vidogo vinavyofagia makohozi kwenda juu usiku na mchana.

Kansa yenyewe inabadilisha hali ya koo. Uvimbe una vidonda na una fasi ambazo hewa haifiki, na mikrobe zisizopenda hewa zinakuja kukaa hapo. Watafiti wa Shanghai, kule China, walilinganisha koo za wagonjwa wa kansa ya zoloto na koo za watu wenye vinyama vya kawaida kwenye nyuzi za sauti. Waliona mikrobe ziitwazo fuzobakteria ni nyingi zaidi kwa wenye kansa. Hiyo haina maana kwamba fuzobakteria ndizo zilizoleta kansa. Inawezekana zilifuata kidonda ginsi inzi wanavyofuata. Ila mikrobe za namna hiyo ndizo zinazotoa harufu nzito, ile ambayo mama wa nyumba ya mzee aliiona mbele ya operesheni na kuiogopa kusema. Uvimbe ukiondoka, zinapoteza nyumba.

Siku za kwanza kisha operesheni ndizo zenye hatari. Waganga wanafungua koo yenye mikrobe na kuishona tena, na mate yanapita juu ya mshono. Mshono ukiachia, mate pamoja na mikrobe zake yanatoboa njia mpaka kwenye ngozi ya shingo. Ndiyo sababu mugonjwa analishwa siku kadhaa kwa mpira uliopita puani, na anapewa dawa ya kuua mikrobe mbele ya kisu na saa 24 hivi kisha yake. Saa 24, siyo mwezi. Kama kidonda hakikuoza, kuongeza siku za dawa hakuongezi faida. Mzee alipita hapo salama.

Kisha kupona, fasi mbili zilizokuwa jirani zinaachana, na kila moja inapata mikrobe zake.

Ya juu, ile ya chakula, inaendelea na mikrobe za kinywa. Lakini mzee alipigwa mionzi pia, alifika mpaka Dar es Salaam kwa ajili hiyo. Mionzi ya shingo inaweza kuharibu vifuko vya mate. Mate yakipungua, kinywa kinakuwa na asidi, na zinazofaidika ni mikrobe zinazotoboa meno, pamoja na kuvu iitwayo kandida, ile inayoacha utando mweupe juu ya ulimi. Kwa hiyo mswaki mara mbili kwa siku na dawa ya meno yenye floridi, na maji ya kunywa kidogo kidogo mchana kutwa. Fanta ambayo wajukuu wanamletea kila Jumapili, tunaomba radhi kwa wajukuu, inamharibia meno.

Ya chini, bomba la pumzi, ndiyo yenye maneno mengi.

Pua yako ni jiko, ni ndoo ya maji na ni kichujio. Hewa baridi na kavu ikipita, inafika ndani ikiwa karibu na joto la mwili, digrii 36 hivi, na ikiwa imelowa. Mutu mwenye tundu shingoni anaivuta hewa ginsi ilivyo: vumbi la moto zinazopita barabarani, moshi wa makala, ukavu wa mwezi wa saba. Bomba la pumzi linajibu kwa kutengeneza makohozi mengi. Yanakauka, yanakuwa maganda, na vile vinyweleo vya kufagia vinachoka. Hapo stafilokoki wanashuka kutoka kwenye ngozi, na mikrobe nyingine iitwayo pseudomonasi inaingia kutoka kwenye maji. Munganga akichukua makohozi ya tundu na kuyaotesha katika laboratwari, mara nyingi kitu kitaota. Kuota siyo kuugua. Mutu anaweza kukaa miaka na mikrobe hizo kwenye tundu lake, analima, anakula, anakuja kwenye mikutano.

Sasa munaelewa karatasi za mtunza feza. Makohozi yalikuwa ya kijani, laboratwari ikaandika pseudomonasi, na kijana wa nyumbani akakimbia kwenye duka la dawa kununua kapsuli za amoksisilini. Pseudomonasi haisikii amoksisilini. Iko hivyo kwa asili yake, hata dawa ikiwa ya kweli na haijapita tarehe. Zilizouawa ni streptokoki za amani za kinywani. Fasi yao ikabaki wazi, na kandida ikaingia. Mwezi uliofuata ikanunuliwa siprofloksasini. Hiyo inaweza kuua pseudomonasi, lakini tundu liko wazi kila siku, kwa hiyo mikrobe inarudi, na kila inaporudi inaweza kuwa imejifunza kuishi na dawa ile. Tangu kambini tumezoea kwamba kikohozi maana yake ni kapsuli. Siku mzee atakapopata numonia ya kweli, dawa ambayo ingemwokoa itakuwa maji tu. Hiyo ndiyo hasara tunayoiogopa sisi wa komite, kuliko hata feza.

Kuna wakati wa kukimbia kwenye kituo cha afya siku ile ile: homa, kupumua mbio mbio, maumivu ya kifua, damu katika makohozi, ngozi nyekundu yenye moto na usaha kuzunguka tundu, ao tundu kuanza kujifunga. Na kikohozi cha wiki mbili chenye kukonda na jasho la usiku, makohozi yapimwe kifua kikuu kama ya mutu mwingine yeyote. Lakini mumwambie mpimaji kwamba makohozi ya huyu yanatoka kwenye tundu. Akimpa kikopo na kumwambia ateme, atapata mate tu, ataandika kwamba hakuna kifua kikuu, na atakuwa amepima koo ya chakula.

Turudi kwa ulizo la wamama. Kansa yake haiambukizi, wala kwa kikombe, wala kwa sahani, wala kwa kuketi karibu. Stafilokoki tunaowaogopa kwake wako puani mwa karibu mutu mmoja kati ya watatu wenye afya. Jitazameni muliopo hapa, mufanye hesabu. Akikohoa, kikohozi kinatokea shingoni, kwa hiyo mkono anauweka shingoni, kisha anaosha mikono. Mukimuona anafanya hivyo ni adabu ileile ya kuziba kinywa, siyo uchawi. Kuna mutu wa kukaa mbali, ni kweli: ni yule mwenye mafua ao kikohozi cha wiki. Yeye ndiye akae mbali na mzee, juu kati ya mafua yake na mapafu ya mzee hakuna mlango. Na kikombe kile kilichowekwa pembeni na alama ya uzi, tunaomba kirudi pamoja na vingine.

Kinachomsaidia kuliko kapsuli ni unyevu. Ulaya wana kikaseti kidogo chenye sponji kinachobanwa juu ya tundu: ukitoa hewa kinashika joto na maji, ukivuta kinakurudishia. Kinatupwa kila siku na kununuliwa kingine. Kwetu hapa kazi hiyo itafanywa na kitambaa cha pamba, tabaka mbili ao tatu, kinachoning'inia mbele ya tundu bila kuliziba. Kikwembe kizee cha pamba kinafaa kama hakiachii nyuzi. Nyuzi zikiingia ni kikohozi cha usiku kucha. Kinaloweshwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kinakamuliwa, kinavaliwa. Kikikauka, kinabadilishwa. Jioni vyote vinachemshwa, vinaanikwa juani, vinapigwa pasi.

Sasa sikilizeni vizuri, juu hapa watu wanakosea kwa nia nzuri. Pseudomonasi inapenda maji yaliyolala. Inakaa ndani ya bidoni, kwenye kitambaa kilicholowa tangu jana, kwenye kopo la kuwekea brashi ya kusafishia. Maji yale yale yaliyomsaidia mzee asubuhi yanaweza kumgeuka jioni. Kwa hiyo maji ni ya siku ile, brashi inakaushwa, kopo linapinduliwa. Serumu ya chumvi, ile ya asilimia 0.9, inalainisha maganda. Matone machache yanaingizwa kwenye tundu ginsi muuguzi alivyoonyesha, anakohoa, anapangusa. Ila inunuliwe katika vichupa vidogo. Mfuko mkubwa uliofunguliwa na kuwekwa dirishani wiki nzima, hata kama ni wa bei nzuri, umekwisha kuwa shamba la mikrobe.

Asikae karibu na jiko la moshi. Na kwa kuwa hewa haipiti puani, hasikii harufu vizuri: ndagala zilizoharibika, kitu kinachoungua ndani ya nyumba. Wa nyumbani wamnusie.

Ziwa tunalipenda, lakini kwake limefungwa. Maji yakifika shingoni yanaingia mapafuni moja kwa moja, hata kinywa kikiwa kimefungwa. Aoge kwa ndoo na kopo, kuanzia kifuani kushuka. Shingo na uso vipanguswe kwa kitambaa. Akisafiri kwa boti, mwenye boti aambiwe mbele ya kuondoka.

Na akizimia siku moja, njiani ao kanisani, musimfunike shingo. Musimpulizie pumzi kinywani, haitafika mapafuni. Pumzi anapewa kwenye tundu, na oksijeni inawekwa kwenye tundu. Muuguzi wa zamu ya usiku ambaye hamjui anaweza kumvalisha maski usoni kwa moyo mwema, na mutu akafa mbele ya chupa iliyojaa oksijeni.

Vijana walituuliza kwa nini asiwekewe sauti ya bandia. Kipo kifaa. Eric Blom na Mark Singer wa Marekani walikitoa mwaka 1980: kivalvu kidogo cha silikoni kati ya bomba la pumzi na njia ya chakula. Mutu anaziba tundu kwa kidole, hewa inapita kwenye koo ya chakula, naye anasema. Ni kizuri. Lakini tena ni mikrobe: kandida na bakteria zinatengeneza utando juu ya silikoni na kuiharibu, kivalvu kinavuja, maji ya kunywa yanapita kwenda mapafuni, na kisha miezi kadhaa kinatakiwa kubadilishwa na mutu aliyefundishwa. Kwetu mutu huyo hayuko. Mzee alichagua kujifunza ile njia nyingine, ya kuingiza hewa katika njia ya chakula na kuitoa kama kucheua, akitengeneza maneno kwa ulimi na midomo. Inachukua miezi. Sauti ni ndogo lakini ni yake. Akiinua mkono katika mkutano huu, mwenye kuongoza anyamazishe wengine kwanza.

Yale tunayoomba mkutano ukate ni haya. Sanduku lisirudishe tena feza ya dawa za kuua mikrobe kwa karatasi ya duka peke yake. Iwe na karatasi ya kituo cha afya inayosema mugonjwa ana nini, siyo tu mikrobe gani imeota. Feza iliyokuwa inakwenda huko ilipe vichupa vya serumu, dawa ya meno, na hasa safari za kontrole. Kansa ya namna hii ikirudi, mara nyingi inarudi ndani ya miaka miwili ya kwanza, na mzee yuko bado ndani ya miaka hiyo. Kontrole moja imekwisha kupita bila yeye kwenda, juu feza ya boti haikuwepo wakati kapsuli zilipolipwa. Mtunza feza atasoma tarakimu baada yetu, na hatutaki kumwibia kazi.

Kadi tumekwisha kuandika, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa: huyu anapumua kwa shingo, oksijeni iwekwe hapa, na mchoro wa mshale. Ziko nne. Moja anaivaa mwenyewe, moja iko kituo cha afya, moja kwa vijana wa moto, moja kwa mwenye boti. Kikundi cha akiba kimekubali kushona vitambaa siku ya Alhamisi kisha soko, nyuma ya kanisa. Sindano na uzi viko. Inakosekana pasi ya makala, mwenye nayo ailete.